Kisu cha Springi, Kisu cha Hilda

Ukishuka kwenye basi pale Haydom, ukawaacha wagonjwa na ndugu zao wakielekea hospitali na mablanketi yao na madumu yao, kisha ukakata kushoto nyuma ya duka la pembejeo, utalikuta benchi. Ni ubao wa nyuma wa lori uliolazwa juu ya mawe mawili, na una tabia moja mbaya: wa katikati akiinuka ghafla, wa pembeni anakwenda chini. Kwa hiyo watu wa pale hawainuki ovyo, wanaagana kwanza. Mbele ya benchi Imakulata ana jiko lake la mkaa, birika la kahawa, na beseni la maandazi lililofunikwa kitambaa. Mwezi wa saba upepo wa huko hauombi ruhusa kuingia kwenye nguo, na mtu anakumbatia kikombe kwa mikono miwili hata kama hana hamu ya kahawa. Hapo ndipo hukaa wazee watatu walioacha kazi zote isipokuwa ubishi.

Ijumaa moja mzee wa tatu alifika amechelewa, tena amenuna. Jina lake la ubatizo ni Maximilian, ila ukiliuliza hilo mtaani watakuelekeza kanisani. Uliza Mzee Ngozi. Tangu ujana wake ndiye anayeitwa kuchuna ng'ombe wa sherehe, kuanzia Haydom mpaka huko Masakta, na sifa yake ni moja tu: hajawahi kutoboa ngozi. Ng'ombe akishachunwa, watu wawili huiinua ngozi kuelekea jua na wazee wanaitazama kwa ndani. Kisu kikiwa kimeteleza popote, mwanga unapenya hapo na kila mtu anaona. Ngozi za Maximilian hazipitishi mwanga, na kesho yake, Jumamosi, alikuwa na ng'ombe wa kuchuna kwa Marko, aliyekuwa na kipaimara cha mtoto wake na wageni wa tarafa nzima.

— Shikamoo kaka, alimwambia mkubwa wao.

— Marahaba. Kahawa ya kwanza imekupita. Umebeba nini humo, mkate?

— Nimebeba mgonjwa.

Huyo mkubwa ni Nikolausi, dereva mstaafu wa lori, anayeitwa Difu kwa sababu kila tatizo la dunia hii, liwe la ndoa au la uchaguzi, yeye analipeleka kwenye difu, ile gia ya ekseli ya gari. Katikati ya benchi alikaa Evarist, fundi redio, maarufu Waya, ndani ya koti zito la mtumba ambalo halivui hata jua likiwaka, hata mkewe Helena amwombe. Maximilian akakaa upande uliobaki, akafungua gazeti juu ya magoti. Ndani mlikuwa na visu viwili.

Cha kwanza kila mtu alikijua. Kilikuwa kirefu, chembamba, na mpini wa mti uliokwisha kushika umbo la kiganja cha mwenyewe. Kilifuliwa na Gidabuday, mhunzi wa Kidatoga wa upande wa Gendabi, kutokana na springi iliyokatika kwenye lori la Difu. Kwa hiyo Difu alikihesabu kama mjukuu. Sasa ubapa wake ulijaa madoa ya kahawia, na kwenye makali kulikuwa na vishimo vidogo vidogo. Cha pili kilikuwa kipya, cheupe, kinang'aa mpaka unaona pua yako, na mpini wa plastiki. Hicho kilitumwa Jumanne kwa basi na binti yake Hilda, kutoka Babati.

Difu akakichukua cha zamani, akakigeuza mara mbili.

— Hii siyo kutu, alisema. Hii ni ajali.

— Kilianza mwezi wa tatu, Maximilian akasema. Nilidhani ni damu tu haijatoka. Nikasugua na mchanga. Kesho yake madoa yamerudi.

— Na miaka ishirini na mitano kabla ya hapo hakikujua kutu.

— Hakikujua hata siku moja. Nakitupa pale jikoni usiku na damu yake, asubuhi nakikuta kwenye ala kinang'aa. Ndicho chuma nilichokuwa nacho.

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayemsifia marehemu. Lakini kuna jambo hakulisema, na ndilo lililomnyima usingizi. Wiki tatu nyuma, kule Masakta, vile vishimo vya makali vilikwaruza, kisu kikavuta, na ngozi ikatoboka. Tundu dogo. Aliikunja ngozi haraka kabla haijainuliwa, akasema ina kupe, akaiviringisha na kuikabidhi. Hakuna aliyejua. Yeye alijua, na kesho kwa Marko hakungekuwa na kukunja, kwa sababu ngozi ile mama yake Marko alishaiomba aikalie, na bibi yule hupenda kukagua vitu vyake mwenyewe.

— Saa nne guta la vyuma chakavu linapita, alisema. Nampa hiki, ananipa beseni. Kesho nitachuna kwa kisu cha Hilda.

Difu aliweka kikombe chini.

— Springi yangu kwa beseni?

— Sasa nifanyeje? Nikiweke ukutani?

— Maximilian, nisikilize. Stenlesi siyo chuma. Stenlesi ni sahani. Mtu anakula ugali juu yake. Chuma cha kweli lazima kiwe na hasira. Springi unaipitisha kwenye jiwe mara nne, imeshakasirika, inanyoa ndevu. Hii unainoa mpaka jiwe linalia, yenyewe inakutazama tu.

— Hapo hajakosea, Maximilian alikubali kwa shingo upande. Jana nimekinoa mara nne, kama kawaida. Hakikuchukua. Nikaenda mpaka ishirini na kitu ndipo kikaanza kukata karatasi.

— Umeona.

— Lakini hakishiki kutu, Imakulata akasema huku anapuliza mkaa. Mimi changu cha stenlesi nakatia ndimu tangu asubuhi, nakiacha kwenye maji, kesho kiko vile vile. Kile cheusi cha mama mkwe, kabla hujafika ndimu ya pili kimegeuka rangi na ndimu inanuka msumari.

— Mama, sisi hatuchuni ndimu.

— Na ninyi hamwoshi vyombo, ndiyo maana hamjui kutu inatoka wapi.

Waya muda wote huo alikuwa anapekua mifuko ya koti. Akatoa sumaku ya spika, nyeusi, kubwa kama andazi.

— Achaneni na maneno. Hii ndiyo hakimu. Stenlesi ya kweli haishikwi na sumaku, kila fundi anajua. Imakulata, nipe kijiko.

Akagusisha sumaku kwenye kijiko. Kikadondoka. Akagusisha kwenye kisu cha springi. Kikang'ang'ania. Kisha akakigusisha kile kipya, cheupe, cha Hilda. Kikaruka chenyewe kwenye sumaku, pa.

Watu wote wanne walikitazama kimening'inia pale.

— Feki, Waya alitoa hukumu. Pole sana. Hilo ni bati limepakwa maji ya kung'aa.

Hilda alikuwa na mapacha wa miezi mitano, na kazi aliacha kwa ajili yao, na bado alikumbuka kumtumia baba yake kisu. Sasa Maximilian alimwona mwanawe dukani huko Babati, mtoto mgongoni na mwingine kifuani, anauziwa bati. Akakinyakua kisu kutoka kwenye sumaku, akakirudisha kwenye gazeti.

— Usimwambie Hilda, alisema.

— Nani atamwambia? Ila kesho labda uchune kwa kijiko. Kijiko ndicho stenlesi halisi.

Difu alicheka mpaka akakohoa. Maximilian hakucheka. Basi Imakulata akamwonea huruma, akammiminia kahawa bila kuombwa, na kwa kuwa kisu kipya kilikuwa kimeshahukumiwa, kesi ikarudi kwa kile cha zamani. Kwa nini kitu ambacho hakijaugua miaka ishirini na mitano kiugue leo?

— Mimi nawaambia ni ng'ombe, Difu akaanza. Ng'ombe wa zamani alikuwa mkavu. Alikula nyasi, akatembea. Wa leo anakula pumba za mashine na chumvi za dukani, amejaa maji ya chumvi kama tango la achari. Kile kisu kinachuna achari. Springi ile ilizoea kubeba ngano kavu ya Basotu, sasa inaogeshwa chumvi. Hata difu ingekufa.

— Ng'ombe walianza kula pumba mwaka huu mwezi wa tatu? Maximilian akauliza.

— Walianza zamani, lakini chuma kinavumilia. Kinavumilia, kinavumilia, kinachoka.

— Hapana, Waya alisema. Ni mnara. Mnara mpya wa simu pale juu umewashwa lini? Mwezi wa pili mwishoni. Kutu imeanza lini? Mwezi wa tatu. Yale mawimbi yanapita kwenye kila kitu, yanavuta uzima wa chuma.

— Kwa hiyo majembe yote ya Haydom yameoza? Difu akauliza.

— Jembe limetoka kiwandani, halina akili. Kisu kilichofuliwa kwa mkono kina akili, kinasikia.

— Kinasikia mtandao.

— Kinausikia. Vitu vya zamani vilitengenezwa na watu wenye kiapo. Tazameni koti hili. Nimelinunua gulioni, huu ni mwaka wa kumi na tano, halijadondosha kifungo hata kimoja. Waliolishona walitumia uzi wa parachuti. Nenda leo kanunue koti jipya, utarudi nyumbani umeshikilia vifungo mkononi.

Difu alilitazama koti kwa heshima, maana habari ya vifungo vile ilikuwa ya kweli na benchi zima lilikuwa shahidi. Kisha akapiga goti.

— Ngoja. Ngozi, mkeo ameondoka lini kwenda Babati kulea wajukuu?

— Mwezi wa pili, mwishoni.

— Basi tumemaliza. Ni moshi.

— Moshi?

— Nyumba yako haina moshi. Tangu Mama Hilda aondoke, wewe chai kwa Imakulata, ugali kwa Imakulata. Mafiga yamepoa. Chuma kinataka moshi kama nyama inavyotaka moshi. Bila moshi kinalowa kutoka ndani.

— Difu, Imakulata alisema, leo umekaribia kusema kitu.

— Nimekisema.

— Umekaribia.

Lakini Waya hakutaka kesi iishe kwa ushindi wa Difu. Akasema moshi hapana, yeye anaona ni wivu. Kisu kilijua Hilda atanunua kingine, kikasusa.

— Kilijua mwezi wa tatu jambo lililofanyika mwezi wa saba? Difu akauliza.

— Si nimewaambia kina akili?

Hapo ndipo waliposikia guta. Lilikuja linaruka mashimo kwa magurudumu yake matatu, limejaa mabati, springi za vitanda na sufuria zisizo na matako, na pembeni yamening'inizwa mabeseni mapya ya kijani na ya pinki. Dereva alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, amefunga kitenge juu ya suruali. Hawakumfahamu. Aliyezoea kupita alikuwa mwanamume wa Dongobesh.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Yuko wapi yule mwenzio?

— Anaumwa mguu. Mimi naitwa Judith, nitapita badala yake mpaka apone. Nimeambiwa kuna mzee ana kisu.

Maximilian alinyanyua gazeti taratibu. Judith akakaa kwenye ukingo wa guta, akavipokea vyote viwili, akaupitisha ukucha kwenye makali ya kila kimoja. Difu akamwambia, kwa upole wa kumtayarisha mtu, kwamba kile cheupe ni feki, kimenaswa na sumaku.

— Siyo feki, Judith alisema. Hii ni stenlesi nzuri tu ya visu.

— Sumaku imekishika, binti. Kijiko haikukishika.

— Kijiko ni aina nyingine, haishikwi. Stenlesi ya visu inashikwa, kwa sababu wanataka iwe ngumu ishike makali. Mimi natenganisha vyuma kila siku, mzee. Ningekuwa naamini sumaku peke yake ningeshafilisika.

Waya aliitazama sumaku yake, akairudisha mfukoni. Maximilian alitaka kumkumbatia yule mwanamke. Mwanawe hakuibiwa. Akaomba andazi.

— Sasa wewe unayejua, Difu alisema, amekasirika kidogo, tuambie. Kipi bora?

— Cha kazi gani?

— Kuchuna.

— Cha springi. Kinakubali jiwe upesi na kinachukua makali membamba, unakisikia kabisa kinapopita kati ya ngozi na nyama. Stenlesi inavumilia maji, ndimu, chumvi na uvivu wa mtu, ila kwa jiwe la mtoni itakuchosha. Springi haivumilii kitu. Inataka kutunzwa kama mtoto.

— Umekosea hapo, Maximilian alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akakaa wima. Hiki hakikutaka kutunzwa. Hiki kilikuwa na dawa.

— Dawa gani?

Basi wakamsimulia. Kisa kile kilikuwa cha benchi zima, kila mmoja na kipande chake, na walikuwa wamekisimulia mara nyingi hata Imakulata alikuwa anasogeza midomo pamoja nao.

— Mwaka wa kwanza kilishika kutu, Maximilian alisema. Miezi miwili tu, madoa kila mahali. Nikachukia. Nikatembea kwa miguu mpaka Gendabi kwa Gidabuday.

— Akamkuta anafua, Difu akadakia.

— Nikamkuta anafua. Sikumsalimia hata vizuri. Nikamwambia, mzee umeniuzia takataka. Nikapiga kelele mbele ya wake zake na ng'ombe wake. Yeye kimya. Akakichukua, akakisugua na jivu, akakichovya kwenye kitu chake pale.

— Akakinong'oneza, Waya alisema.

— Sikuona kama alikinong'oneza.

— Lazima alikinong'oneza.

— Akanirudishia. Akasema, sasa nenda. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na mitano na zaidi, kutu haikurudi. Nilikitengeneza chuma kwa maneno yangu.

— Na juu ya hayo akaombwa radhi, Difu akamalizia, huku anamwonyeshea Judith kidole, kwa sababu kipande hiki ndicho alichokipenda. Mhunzi mzima akampa fidia. Kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo. Akamwambia, mpelekee mama nyumbani.

— Alisema hivyo, Maximilian alicheka. Mpe mama, yeye atajua. Nikampelekea Mama Hilda, akafurahi.

Judith hakucheka. Alikuwa amekiinua kisu karibu na macho, anatazama pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Hapo, chini ya mti, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, wa mafuta yaliyoganda, na chuma cha pale hakikuwa na doa hata moja.

— Mzee, aliuliza, na hayo mafuta yalikuwa ya nini?

Waya aliangalia ndani ya kikombe chake kama vile jibu limezama humo. Katika miaka yote ile ya kusimulia, mbele ya madereva, makatekista na wageni wa hospitali, hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

Maximilian alikuwa anaona jikoni kwake. Alimwona mkewe amekaa kwenye kigoda usiku baada ya vyombo, kitambaa mkononi, anasugua kitu magotini. Alikuwa akimwona hivyo akiwa ameshapanda kitandani, mlango wazi, usingizi unamchukua. Siku zote alidhani anajipaka miguu.

Akatoa simu. Simu yake ilikuwa imekufa sikio, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na Waya alikuwa ameahidi kuitengeneza tangu Pasaka. Kwa hiyo benchi lote lilisikia ikiita, na lote likasikia ilipopokelewa.

— Baba Hilda, mzima?

— Mzima. Mapacha?

— Wamelala, usiongee kwa nguvu.

— Mama Hilda. Yale mafuta ya Gidabuday.

Upande wa pili mkewe, Philomena, akaanza kucheka, polepole, cheko la mtu anayeogopa kuamsha watoto.

— Leo ndiyo umeuliza?

— Ulikuwa unakipaka kisu?

— Kila ukirudi na kulala. Nakisugua na jivu, nakikausha, nakipaka mafuta, nakirudisha kwenye ala.

— Miaka ishirini na sita.

— Ishirini na mitano. Ule wa kwanza sikujua, ndiyo ukaenda kumtukana mwenzako.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ulirudi umefurahi mno. Unasema umekitengeneza chuma kwa maneno. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ulikuwa umeshawasimulia watu wa jumuiya. Basi nikanyamaza, nikawa napaka.

Difu alitoa sauti puani. Imakulata akamfinya bega.

— Na hiki cha Hilda? Maximilian aliuliza, sauti imempungua.

— Hicho nilimtuma mimi. Nilimwambia, mtafutie baba yako kisu ambacho hakihitaji mtu nyumbani.

Mzee Ngozi aliona aibu, aibu hasa ya kupasha masikio moto, na papo hapo alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, mbele za watu, saa nne asubuhi. Alimkumbuka mkewe vile alivyokuwa akimsikiliza anajisifia kisu chake, mwaka baada ya mwaka, anamwongezea mboga. Akajipangusa uso kwa kiganja, akasingizia moshi wa jiko.

— Mafuta yenyewe yako wapi?

— Ya kibuyu yaliisha zamani, siku hizi nanunua mengine gulioni. Kopo liko nyuma ya mafiga, juu ya gunia la maharage, limefunikwa na sahani iliyopasuka. Kitambaa kimo humo humo.

— Kutu itatoka?

— Ya juu itatoka na jivu. Kama kimechimbika, kinoe mpaka vishimo viishe, kitapungua kidogo. Ni springi, itakubali.

— Unarudi lini?

— Wakianza kukaa wenyewe. Mwezi wa tisa.

— Nitakuwa nakipaka mwenyewe.

— Haya. Ila usimwambie Difu, atasema ni kwa sababu ya springi yake.

— Yuko hapa. Anakusikia.

— Ooh. Shikamoo shemeji.

— Marahaba, Difu alijibu kwa sauti kubwa, na mtoto mmoja huko Babati akaamka akilia, na simu ikakatwa.

Judith alikuwa ameshakifunga kisu cha springi kwenye gazeti peke yake. Akamrudishia Maximilian kwa mikono miwili. Alimwambia ana mpaka jioni ya kukinoa, muda unamtosha, na kile cha Hilda akitumie kesho kukatia nyama za sufuriani, kwenye maji na vitunguu, huko ndiko kwake. Mabeseni yake akayapanga vizuri.

— Masakta nilitoboa, Maximilian alisema ghafla.

Wote wakamtazama.

— Wiki tatu zilizopita. Nikaikunja, nikasema ina kupe.

— Tundu kubwa? Difu aliuliza.

— La punje ya mahindi.

— Ah. Difu alifikiri. Hilo basi ni la mnara.

Wakacheka, na Maximilian akacheka nao mpaka machozi yakapata sababu halali. Kisha akaagana nao vizuri mmoja mmoja, kwa sheria ya benchi, akaondoka na visu vyake viwili kuelekea nyumbani, mwendo wa mtu anayewahi kitu. Guta nalo likawaka, likaenda zake.

Wakabaki wawili. Difu alitaka kuanza mada nyingine, akaona mwenzake hamsikilizi. Waya alikuwa ameinamisha kichwa, anakagua koti lake. Alikishika kifungo cha juu, akakigeuza. Uzi wake ulikuwa mweusi. Akashuka cha pili, uzi wa bluu. Cha tatu uzi mweupe, mpya kabisa, na fundo dogo kwa nyuma. Cha nne kilikuwa kifungo cha rangi nyingine kidogo, kimefanana na vingine kwa karibu sana hata hakuwahi kugundua.

Akainuka bila kuaga. Ubao ukapinduka, na Difu akaenda chini na kikombe chake.

— We Waya! Unakwenda wapi?

— Nyumbani mara moja, Waya alisema, ameshafika kwenye kona ya duka la pembejeo. Nina jambo nataka kumwuliza Helena.

Difu alikaa pale chini kidogo, akakung'uta suruali, akafikiri sana. Halafu naye akasema kwaheri. Imakulata akalitikisa birika. Lilikuwa nusu, na haikuwa hata saa tano.